Baba, Disiki Yako Haionekani

Baba,

Asalaam aleikum. Nakusalimia kwanza kwa sababu ulinilea hivyo. Kwa hasira niliyonayo leo ningeanza na malalamiko moja kwa moja.

Ni mimi, Rehema. Nimekaa dukani kwenye kiti chako, mlango nimeurudishia nusu ili wateja wajue nipo lakini wasiingie. Kompyuta yako iko mbele yangu, imefunguliwa, nyaya nje, na kioo chake cheusi kina mstari mmoja wa Kiingereza unaosema haioni disiki. Asubuhi iliiona. Jana jioni haikuiona. Juzi iliiona, ikawaka mpaka katikati, nikasema alhamdulillahi, kisha ikaganda na ndani ya kasha kukaanza kulia tik, tik, tik. Nimeichukia, Baba. Sijawahi kuchukia kitu kisicho na roho namna hii.

Unajua kilichomo. Kola ya Shabani imo, mchoro wa nakshi za shingoni na kifuani mwa kanzu yake. Mdogo wangu anaoa, Shabani huyu huyu uliyekuwa ukisema hapati mke mpaka ajifunze kuamka kabla ya jua. Na katika nyumba yetu kanzu ya bwana harusi hudariziwa na baba yake. Babu alikudarizia wewe kwa sindano ya mkono, na wewe ulikuwa umdarizie Shabani kwa mashine. Ulipokuwa hospitali alikuuliza, nami nimesimama pale miguuni pako, ukamjibu, "Kola yako imekwisha. Iko kwenye kompyuta, bado kushona tu." Ukafumba macho. Hatukukuuliza tena, na baada ya hapo hakukuwa na wa kuuliza.

Sasa harusi imekaribia, na Shabani ameapa. "Sivai kola ya mtu mwingine, dada. Kama ya Baba haipo, navaa suti." Suti, Baba! Mama akisikia hilo neno anainuka na kutoka chumbani. Hajalia tangu siku ya maziko, lakini suti nadhani itamliza.

Najua unachotaka kuniuliza. Nani alinituma kugusa kompyuta yako? Hakuna aliyenituma. Ile saplai, kile kisanduku cha nyuma kinachoingiza umeme, iliungua. Sikuiunguza mimi. Niliwasha swichi kama ulivyokuwa ukiwasha wewe, ikatoa harufu ya plastiki, ikazima. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Sonatubes kwa wale wanaouza vipuri, nikapata saplai nyingine. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikachukua na kasha jipya jeusi, zuri, lenye milango yote. Nikaongeza na memori, maana muuzaji alisema itakimbia zaidi.

Baba, kasha lako lilikuwa aibu. Lina kutu, halina ubavu mmoja, na disiki haimo hata ndani yake! Ilikuwa nje, kando, imelala juu ya kipande cha godoro, imefungwa kwa lastiki ya suruali. Wateja wakija kuchagua nakshi walikuwa wanaitazama, wananitazama na mimi. Kwa hiyo niliiweka mahali pake, ndani ya chuma, nikaikaza skrubu zote. Kile kipande cha godoro nikakitupa. Nilifanya hayo asubuhi, mafundi hawajafika, ikawaka vizuri kabisa. Nikanywa chai yangu nikijiona mtu.

Chai haikuisha. Mafundi wakaingia, kila mmoja akakaa mahali pake kwenye ile meza ndefu ya mbao tunayotumia sote, Mzee Rajabu kule mwisho karibu na dirisha, kazi ikaanza. Nilipogeuka, kioo kilikuwa cheusi. Tangu siku hiyo mimi na hii kompyuta ni paka na panya.

Shabani akamleta rafiki yake, Ema. Humjui. Ni kijana wa kanisani, amekulia Uganda, anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja ya Kimihurura, na hupita hapa saa zake za chakula akiwa bado na kitambulisho shingoni. Mpole, lakini maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Dada Rehema, umebadilisha vitu vitatu siku moja. Sasa tutajuaje nani iko na makosa?" Nilitamani kumrushia mkasi. Alikuwa na haki, ndiyo sababu.

Akaanza kurudi nyuma, kitu kimoja kimoja. Akatoa memori mpya. Wapi. Akaleta saplai nyingine ya kuazima. Wapi. Akabadilisha ule waya bapa unaotoka kwenye disiki. Ikaonekana, tukashangilia mpaka Mzee Rajabu akaacha cherehani aje kutazama, na wengine nao wakaacha. Wakarudi kukaa, na baada ya muda mfupi tik, tik, ikapotea tena. Akabadilisha ile betri ndogo ya duara kama ya saa, kwa sababu kompyuta ilikuwa imesahau hata mwaka. Ikakumbuka mwaka. Disiki, wapi.

Siku nyingine aling'oa kile kiplastiki kidogo nyuma ya disiki, kinachoiambia kompyuta ipi ni disiki ya kwanza, kikamponyoka kikaingia kwenye vipande vya nyuzi sakafuni. Mimi kwa mazoea nikachukua sumaku yetu ya kuokotea pini, nikainama nayo karibu na disiki. Ema alipiga ukelele, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao! "Sumaku! Mana yanjye, dada, toa hiyo sumaku!" Dukani wote wakacheka. Mimi sikucheka. Tulitambaa chini kwa magoti, mtu na elimu yake na mimi na dera langu, tukakipata ndani ya kandambili ya Mzee Rajabu.

Mwisho akasimama, akajifuta mikono. "Disiki imekufa. Pole. Tununue ingine." Kama vile ni balbu! Nikamwambia nyingine haina kola ya mdogo wangu. Akasema basi nimpe aende nayo ofisini kwake, kuna kifaa kinachoweza kukivuta kilichomo. Hapo ndipo ulipotufunga wewe, Baba, ukiwa huko uliko.

Unamkumbuka yule fundi aliyeichukua kompyuta zamani kwenda kuisafisha? Kabla hujamaliza kumshonea mteja wako ile kola ya imigongo, ile mistari yetu ya pembepembe, tayari ilikuwa shingoni mwa nusu ya wanaume wa Nyamirambo, imeshonwa kwa wengine. Ukaapa kompyuta haitoki tena dukani ila pamoja na wewe. Sasa wewe umetoka, peke yako, yenyewe imebaki. Nikamwambia Mama, Mama, huyu Ema hajui hata kanzu inavaliwa mbele wapi, ataiba nini? Akajibu, "Baba yenu alisema." Nikamwomba tena. "Rehema. Baba yenu alisema." Nimebishana na watu wengi maishani, lakini hiyo sentensi sijui pa kuishika.

Na wewe ungesema mengine basi! Ulinifundisha kudarizi nikiwa sifiki kanyagio la cherehani. Ulinifundisha kupima bega kwa jicho. Lakini kwenye kompyuta ulisema, "Mikono ya mafuta ya mashine haigusi hapa," na ikikataa ulikuwa unaipiga vibao viwili ubavuni, unakaa, unangoja, inawaka. Nimeipiga vibao. Nimeipiga zaidi ya viwili. Hukutuambia chochote, si mimi, si Mama, si Shabani. Ulidhani utakuwepo siku zote? Samahani. Lakini ulidhani hivyo, na mimi pia nilidhani hivyo.

Adhana ya magharibi hiyo. Naiacha hapa, hasira imenipanda na sitaki kukuandikia maneno ya kuomba radhi baadaye.

*

Baba, ni Ijumaa, naendelea. Hutaamini, au pengine wewe ndiye pekee utakayeamini.

Mchana mafundi wote walikwenda kuswali. Unajua duka linavyokuwa saa hiyo, unasikia mpaka mtu anayekatiza barabarani na ndala. Mama alikuwa ameniletea chakula. Shabani alikuwa ameniambia jioni atapita kwa mshona suti kupimwa, nami nikaiwasha kompyuta ili tu nimpigie picha kile kioo cheusi, aone mwenyewe, tumalize.

Ikawaka. Yote, Baba. Mpaka ile picha yako ya mbele ya duka, umeweka mikono nyuma kama diwani. Mama akaweka sahani chini, akasema, "Ni baraka ya Ijumaa. Mwombee." Akainua mikono. Mimi nikaudhika, kwa sababu sikuwa na jibu bora kuliko hilo, na kwa sababu nilitaka liwe kweli.

Nikaanza kulitafuta faili la Shabani. Ulikuwa huna mpango hata kidogo, majina ya faili ni "kola", "kola nzuri", "kola ya yule mrefu". Nikiwa bado nahangaika, swala ikaisha, wanaume wakarudi, Mzee Rajabu akakaa, akakunja mikono ya kanzu, akakanyaga. Tik. Akakanyaga tena. Tik, tik. Wenzake wakajiunga, na kioo kikaganda papo hapo.

Nilipiga meza kwa ngumi. Ndipo nikaona kwamba kopo la pini lilikuwa linachezacheza hata kabla sijapiga, na bado linachezacheza. Nikaweka kiganja juu ya lile kasha jipya. Linatetemeka lote, bati jembamba. Nikamwambia Mzee Rajabu asimame kidogo. Akasimama, disiki ikanyamaza. Nikasema endelea. Tik, tik. Nikasema simama. Endelea. Simama. Akavua miwani. "Weye binti, mimi iko fundi ao taa ya barabara?"

Ni mtikisiko, Baba. Disiki imezeeka, haivumilii kutikiswa, na mimi niliikaza skrubu kwenye bati linalokaa juu ya meza ya cherehani zote zile. Lile godoro halikuwa uchafu. Lastiki haikuwa uchafu. Ulijua, na hukusema hata sentensi moja: Rehema, hii usiifunge kwenye chuma. Sentensi moja tu! Ema naye kila alipokuja walikuwa wanashona, na ile mara moja tuliyoshangilia, ni kwa sababu cherehani zilikuwa zimesimama kututazama. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili mbele ya wateja.

Nikafungua skrubu, nikaitoa. Nikakunja kitenge mara nyingi, nikakiweka mapajani, nikailaza disiki juu yake, nikaishika kwa mkono mmoja kwa chini. Mafundi wote nikawasimamisha kazi, na hakuna aliyelalamika. Ema kwenye simu akaniambia nianze na kile ninachokihitaji kuliko vyote. Nikachomeka flash. Faili la Shabani nililipata, uliliita "mwanangu". Likapita lote. Nikaanza kuzipitisha kola nyingine, disiki ina joto mapajani kama mtoto mwenye homa, nami naisemesha, taratibu, taratibu mama. Zikapita chache. Kisha ikatoa mlio mmoja mrefu ambao sijawahi kuusikia, ikasimama. Tangu hapo haijarudi. Nimeiweka juu ya kipande kingine cha godoro, nimeiacha ipoe, nimejaribu tena na tena. Safari hii imekufa kweli.

Miaka yako yote ya kazi, Baba. Nina kola ya Shabani na nyingine za kuhesabika. Basi.

*

Nilitaka kuifunga barua hapo, lakini kuna jambo ambalo lazima tulizungumze, wewe na mimi.

Ile flash niliichomeka kwenye mashine ya kudarizi, nikaiita kola kwenye kioo chake kidogo. Upande wa kushoto umekamilika, mpaka mshono wa mwisho wa ncha. Mistari ya imigongo inashuka kutoka shingoni, inajikunja kifuani, sijaona kazi yako nzuri kuliko hiyo. Upande wa kulia hakuna kitu. Si mstari, si nukta. Nilidhani faili limeharibika njiani, nikamtumia Ema picha, akasema faili ni zima, ndivyo lilivyo.

Ulimwambia imekwisha. Ulimtazama mwanao usoni ukamwambia imekwisha.

Nilikaa nimekasirika mpaka chakula kikapoa. Mashine ina kitufe cha kugeuza, unabonyeza, kushoto kunakuwa na kulia kwake, wadarizi wote wa mji huu wanafanya hivyo. Nikaweka kidole juu yake. Halafu nikakumbuka bega la Shabani. Lile la kulia, alilovunja alipoanguka na pikipiki, likaunga likiwa chini kuliko mwenzake. Anaficha, anavaa mashati mapana, na tangu wakati ule hakukubali umpime. Wewe ulikuwa na vipimo vyake vya kabla ya kuanguka. Kushoto uliweza kuchora. Kulia ulikuwa unamngoja asimame mbele yako na mita, kisha wewe ndiye uliyeshindwa kusimama.

Kwa hiyo nilimwita, nikamwambia nataka urefu wa mikono tu. Nikampima bega kwa jicho huku namzungumzisha habari za mahari. Hakujua.

Lakini sikujua ungefanyaje kulificha. Faili za kunionyesha zimekufa na disiki. Nikamtazama Mzee Rajabu ameinama juu ya cherehani yake, bega la kulia limeanguka kwa miaka yote hiyo ya kazi, na kanzu yake imekaa sawa shingoni, sawa kabisa. Ulimdarizia wewe. Nikamwomba anivulie. Akashtuka, akasema nina wazimu, akaenda nyuma ya pazia akanipa, akakaa kutwa nzima na fulana. Nikaikagua kola yake kwa vidole. Upande wa kulia ulikuwa umeiachanisha mistari kidogo kidogo kadiri inavyoshuka, kiasi ambacho jicho haliwezi kuhesabu, mpaka bega linaonekana limepanda. Yote hayo ulikuwa nayo mikononi.

Kushoto nikaiacha mashine ishone uliyochora. Kulia nilichora kwa chaki, nikashona mwenyewe, kwa cherehani ya mguu. Niliifumua, nikaifumua tena. Ilipoisha Mama alikuja, akaipitishia kidole, akashuka na mistari ya kushoto, akapanda na ya kulia, kidole kikasimama. "Huu mkono si wake." Nikasema ndiyo. Akaendelea kuipapasa mpaka shingoni. Ndipo alipolia, Baba. Alilia kwa sauti, na mimi nikamshika.

Leo Shabani amekuja kujaribu. Aliivaa, akafunga vifungo, akasimama mbele ya kioo kikubwa akiwa ameandaa ile sura yake ya kulalamika. Mabega yalikuwa sawa. Akajitazama sana. Akageuka upande, akageuka upande wa pili. Kisha akaniambia, "Unaona, dada? Baba alijua mpaka hili bega. Sikumwonyesha, na alijua."

Nilifungua mdomo nimwambie. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nikaufunga.

Kwa hiyo sasa nakuelewa kidogo, pale hospitali, ulipofumba macho. Bado nimekasirika. Usidhani yameisha. Disiki sitakusamehe leo, na godoro sitakusamehe hata kesho. Lakini nakuahidi mambo. Kola zako zilizopotea ziko vifuani mwa watu, na nitazifuata huko. Idi ikifika nitasimama nje ya msikiti mchana kweupe nikikagua vifua vya wanaume, waseme watakavyo, nitaazima kanzu moja moja, nitachora, nitarudisha imepigwa pasi. Na kila ninachokijua nitakisema dukani kwa sauti, hata cha kipuuzi, hata cha lastiki, ili asiwepo mtu wa kunilaumu nikiwa kaburini kama ninavyokulaumu wewe.

Isipokuwa lile bega. Hilo ni lako, Baba. Ulilijua, na kola uliimaliza, kulia na kushoto, kama ulivyomwambia. Mama na mimi tumekubaliana.

Mungu akupumzishe. Shabani bado yuko mbele ya kioo, hataki kuivua.

Binti yako,
Rehema